Mdomo Mpana kwa Kikubwa: Alama Ndogo Yenye Hukumu Nzito

Katika alama zote anazokutana nazo mtoto anapoanza kusoma hesabu, hakuna zinazomtatiza kama zile mbili zinazofanana kama pacha, moja imeelekea huku na nyingine imeelekea kule. Ya kujumlisha haimsumbui, kwani ina umbo la msalaba na kazi yake yaonekana: vitu vinaongezeka. Ya kutoa ni mstari mmoja, nayo hupunguza. Lakini hizi mbili, > na <, haziongezi wala hazipunguzi. Zinahukumu tu. Husimama katikati ya vitu viwili zikasema: hiki ni kikubwa kuliko kile, au hiki ni kidogo kuliko kile. Na hukumu, kama tujuavyo, ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuichukua alama hii hadi Nuu, huko bara ya Ukambani, kisha turudi nayo pwani. Nuu iko upande wa mashariki ya mji wa Mwingi, katika kaunti ya Kitui, mahali penye kilima kinachoitwa kwa jina hilo hilo. Ni nchi kavu, nchi ya mbuzi, ya uwele na mtama, ya kunde na pojo, ambazo huko bara huitwa ndengu. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akauliza: Nuu na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba Ukambani na pwani zimepimiana mali tangu zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba iliteremka Mombasa na pembe za ndovu, na pembe ilipimwa kwa frasila. Mkamba wa Kitui na mfanyabiashara wa Mombasa hawakuwa na lugha moja, wala dini moja, lakini mbele ya mizani wote wawili walijua upande upi umelala na upande upi umenyanyuka. Kulinganisha kulitangulia kuandika.

Tena hata katika kuhesabu tuna udugu. Mtoto wa Nuu akihesabu kwa Kikamba hufika tatu akasema itatu, tano akasema itano, na kumi akasema ikumi. Akifika tisa husema kenda. Neno hilo si geni kwetu: wazee wetu walilitumia kabla ya tisa ya Kiarabu kulisukuma pembeni, na hadi leo limebaki katika jina la majirani zetu Mijikenda, watu wa miji kenda. Basi mtoto wa Nuu na mtoto wa Kisauni wakiambiwa waseme ipi kubwa, kenda au tano, watajibu kwa sauti moja. Taabu yaanza pale mwalimu anapoandika ubaoni 9, akaacha nafasi, akaandika 5, akasema: weka alama.

Hapo mtoto husita, si kwa kuwa hajui tisa yazidi tano, bali kwa kuwa hajui aelekeze wapi ile ncha. Nchini Kenya taabu hiyo huongezwa na lugha, kwani mtihani wa hesabu huandikwa kwa Kiingereza, na mtoto hulazimika kukariri majina mawili marefu ya kigeni kabla ya kuielewa alama yenyewe. Jirani zetu wa Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, husema tu "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko". Hata hivyo, mtoto wa Tanzania naye hukosea. Basi kosa haliko katika lugha peke yake.

Kosa liko katika kuifundisha alama kama jina. Mtoto huambiwa: hii yaitwa "kubwa kuliko", na hii yaitwa "ndogo kuliko", kariri. Akikariri leo, kesho huzichanganya, kwa sababu umbo lenyewe ni moja, limegeuzwa tu. Ukiikata kipande cha karatasi chenye umbo hilo ukakizungusha mezani, papo hapo "kubwa kuliko" yawa "ndogo kuliko".

Hapa ndipo sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule tuna faida ambayo aghalabu hatuitumii. Mtoto wa pwani husoma njia mbili. Asubuhi shuleni huanza mstari kushoto akaenda kulia. Alasiri chuoni, mbele ya mwalimu wake, huanza kulia akaenda kushoto. Sasa tazama. Andika 3, kisha alama hii <, kisha 5. Msomaji wa Kizungu, anayeanza kushoto, atasema: tatu ni ndogo kuliko tano. Msomaji wa Kiarabu, katika vile vitabu vya shule vinavyoandika hesabu kutoka kulia, ataanza na tano iliyo kulia, apite kwenye alama hiyo hiyo, amalizie na tatu, naye atasema: tano ni kubwa kuliko tatu. Alama ni moja, haikuguswa. Jina lake limebadilika kwa kubadilika njia ya kusoma, lakini ukweli haukubadilika. Huyu amesema kweli na yule amesema kweli.

Basi mtoto asifundishwe jina kwanza. Afundishwe jambo moja tu lisilobadilika: upande uliopanuka hukabili kikubwa, na ncha hukabili kidogo. Akishaliweka hilo moyoni, na asome kutoka upande wowote apendao. Kwa desturi yetu ya kufundisha kwa tungo, tunampa beti hii aimbe:

Mdomo ukifunguka, kwa mkubwa hukabili,
Ncha iliyochongoka, huelekea dhalili,
Hata uanze kwandika, kulia au shimali,
Shahidi hatageuka, hasemi kauli mbili.

Walimu wengi hutumia hadithi ya mamba: mamba ana njaa, hufungua kinywa upande wenye chakula kingi. Ni hadithi nzuri, na anayekaa karibu na bahari aweza kumweka papa mahali pa mamba. Lakini iko njia nyingine isiyohitaji mnyama. Mwambie mtoto atie vitone viwili, kimoja juu na kimoja chini, kando ya tarakimu kubwa, na kitone kimoja kando ya tarakimu ndogo, vyote katika ile nafasi ya katikati. Kisha aunganishe kila kimoja cha vile viwili na kile cha peke yake. Alama itajichora yenyewe, nayo haitakuwa na budi kuelekea sawasawa.

Yafaa pia kujua kwamba alama hizi si za kale kama wengi wanavyodhani. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu kilichoipa elimu ya aljebra jina lake, hakuwa na alama hata moja ya namna hii. Aliandika kila kitu kwa maneno. Na sehemu kubwa ya kitabu chake ilikuwa ni masuala ya wasia na mirathi, yaani nani apate kingi na nani apate kichache. Alama ya usawa, ile ya mistari miwili sambamba, ilichapishwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales. Hizi za > na < zilionekana katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa London mwaka 1631, miaka 10 baada ya kufa kwake. Ukizitazama pamoja utaona jinsi zinavyofaana. Katika alama ya usawa, mistari miwili imeachana kwa nafasi ile ile mwanzo hadi mwisho, kwa maana pande zote mbili ni sawa. Zibane ncha za upande mmoja zikutane, na usawa umevunjika: upande mmoja umebanwa, mwingine umepata nafasi.

Ukishajua alama yaelekea wapi, bado hujamaliza, kwani iko mitego inayowanasa hata watu wazima.

Mtego wa kwanza ni kulinganisha tarakimu bila kuangalia kipimo. Tatu ni kubwa kuliko moja. Hilo hakuna asiyelijua. Lakini vibaba vitatu ni vichache kuliko pishi moja, maana pishi ni vibaba vinne. Tuseme mama wa Nuu amevuna ndengu zake, akajiwa na wachuuzi wawili. Wa kwanza ampa shilingi 100 kwa kilo. Wa pili ampa shilingi 180 kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na gorogoro lake lachukua kilo 2. Akitazama tarakimu peke yake ataona 180 > 100, amkimbilie wa pili. Kumbe akigawanya kilo kwa kilo, wa pili ampa shilingi 90 tu, na 90 < 100. Na kama gorogoro lenyewe limegongwagongwa likapanuka, au linajazwa hadi kuwa na kilele, basi hasara ni kubwa zaidi. Surat al-Mutaffifin, sura ya 83, inawaonya watu wa namna hiyo, wanaojipimia kwa kujaza na kuwapimia wenzao kwa kupunguza. Alama yetu haiwezi kusema kweli ikiwa vipimo viwili vilivyowekwa pande zake si vya namna moja. Debe kwa debe, kilo kwa kilo, shilingi kwa shilingi.

Mtego wa pili ni sehemu. Mtoto aliyejua kwamba 8 > 4 huona ajabu kuambiwa kwamba sehemu moja ya nane ni ndogo kuliko sehemu moja ya nne. Lakini mtoto wa chuoni aliyesikia habari za mirathi hana haja ya kushangaa. Mke akifiwa na mume asiye na mtoto, fungu lake ni robo. Mume akiacha mtoto, fungu la mke hushuka likawa thumni. Hushuka, hakupanda, ingawa nane yazidi nne. Kadiri wanaogawana wanavyozidi, ndivyo tonge la kila mmoja linavyopungua. Mafungu sita yaliyotajwa katika Kurani yaweza kupangwa yote kwa alama hii moja, kutoka kubwa hadi dogo: thuluthi mbili > nusu > thuluthi > robo > sudusi > thumni. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ameelewa sehemu, na ampe mafungu hayo yamechanganywa ayapange.

Ndugu wa mtego huo ni nukta. Watoto wengi wakiona 0.5 na 0.25 husema ya pili ni kubwa, kwa kuwa 25 yazidi 5. Wakumbushe senti. Nusu shilingi ni senti hamsini, ile tuliyokuwa tukiiita sumni, 0.25 ni senti ishirini na tano. Hakuna mtoto aliyewahi kutumwa dukani ambaye angebadilisha sumni yake kwa senti ishirini na tano.

Mtego wa tatu ni deni. Mwenye shilingi 5 ana nyingi kuliko mwenye shilingi 3. Lakini mwenye deni la 5 na mwenye deni la 3, nani mwenye hali bora? Ni yule wa 3, bila shaka. Ndiyo maana hesabu husema 5 > 3, lakini zikitiwa alama ya kutoa, hukumu hupinduka: -5 < -3. Mtoto akiambiwa hivyo bila mfano hudhani mwalimu amekosea. Akiambiwa habari ya deni la dukani, huelewa mara moja.

Sasa tuje kwenye jambo la mpaka. Mara nyingine si kikubwa wala kidogo tunachouliza, bali kama kitu kimefika kiwango. Tuchukue mbuzi, ambao ndio akiba ya watu wa nchi kavu kama Nuu. Katika fiqhi ya zaka, mwenye mbuzi 39 hatozwi zaka ya mbuzi. Akiwa nao 40, na mwaka ukapita, hutoa mmoja. Huendelea kutoa mmoja hadi mbuzi 120. Wakifika 121 hutoa wawili. Tazama uzito wa mbuzi mmoja hapo: 39 < 40, hakuna deni, 40 ni sawa na 40, deni lipo. Alama > peke yake haitoshi kwa sheria hii, kwani hatusemi "akiwa na zaidi ya 40". Twasema "akiwa na 40 au zaidi". Kwa jambo kama hilo Mfaransa Pierre Bouguer, mnamo 1734, aliweka alama ya usawa chini ya zile alama za Harriot, nasi leo aghalabu huiandika kwa mstari mmoja tu chini: ≥. Mstari ule mdogo ndio unaomtofautisha anayewiwa na asiyewiwa. Anayeusoma mkataba wa mkopo, au karatasi ya alama za kuingilia shule, yafaa autafute mstari huo. "Zaidi ya 300" na "300 au zaidi" si neno moja kwa mtoto aliyepata 300 kamili.

Alama hii ina fundisho jingine, nalo laonekana vizuri ukitoka pwani kwenda Nuu. Sisi huku twajua kwamba masika > vuli. Masika ndiyo mvua kubwa, vuli ni ndogo. Hata katika Kiingereza cha serikali moja huitwa mvua ndefu na nyingine mvua fupi. Mtu akipanda na ujuzi huo akaenda kulima Ukambani atapata hasara. Kule mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi hadi Mei ndiyo inayohadaa mara nyingi. Kwa hiyo kwa mkulima wa Nuu alama imegeuka: vuli > masika. Jina "mvua fupi" limebaki vile vile, na jina hilo halimwambii kweli. Asiyelinganisha upya kila afikapo mahali papya hubeba hukumu ya kwao akaipeleka kwa watu.

Mvua hizo hizo za mwisho wa mwaka ndizo zilizoleta msiba ambao watu wa Mwingi hawajausahau. Tarehe 4 Desemba 2021, siku ya Jumamosi, basi la shule lililobeba wanakwaya na waumini wa Kikatoliki waliokuwa wakienda harusini Nuu liliingia kwenye kivuko cha Mto Enziu huku maji yakipita juu yake. Mto ulilizidi basi nguvu, ukalipindua, na watu zaidi ya 30 walikufa maji. Mungu awape subira waliofiwa. Waliokuwamo hawakukosa akili, wala hatusemi kwamba somo la darasa la pili lingewaokoa. Twasema kwamba katika mito ya nchi kavu, ambayo miezi mingi ni mchanga mtupu na saa moja tu hugeuka bahari, jicho la mwanadamu haliwezi kulinganisha. Maji ya matope hayaonyeshi kina chake. Anayetazama aona magari mengine yamepita, aona ng'ambo si mbali, akadhani kina ni kidogo kuliko nguvu ya gari.

Dawa ya jambo hilo ni kulinganisha kwa kipimo. Nguzo iliyosimikwa kwenye kivuko, yenye mistari ya rangi na tarakimu, hufanya kazi ile ile ya alama ya Harriot: upande mmoja pana kina cha maji, upande wa pili pana kiwango ambacho gari halipaswi kukivuka. Maji yakifika mstari mwekundu au kuupita, hakuna mjadala wala ubishi wa ushujaa, ni kungoja. Lakini nguzo hiyo haina faida kwa asiyeisoma, au aisomaye akaidharau kwa kuwa amechelewa harusi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mtoto akija na daftari lake na amechora mamba mwenye meno badala ya alama, tusimcheke. Tumwulize: kikubwa ni kipi? Akijibu, tumwulize tena: kwa kipimo gani? Tumpe pishi na kibaba apime mchele jikoni. Tumpe mafungu ya mirathi ayapange, na mbuzi 39 na 40 awatenganishe. Tumwonyeshe mstari mmoja aliouandika, ausome kutoka kushoto kama shuleni, kisha ausome kutoka kulia kama chuoni, na tumwulize kama kilicho kikubwa kimebadilika. Mtoto wa Nuu naye, mbele ya mbuzi wa babake wanaporudi jioni, aweza kufanya somo hilo hilo kwa Kikamba chake kabla ya kufika kwenye Kiingereza cha mtihani. Aanze na mbuzi walio zizini, alama itafuata.